MREJESHO: Kuzunguka Cape Town kwa gari la kukodi, pwani na mashamba ya mvinyo

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kama pwani na Franschhoek, mji wa mashamba ya mvinyo, vinaingia siku moja. Vinaingia, ila utoke saa 12 asubuhi.

Asanteni hasa mliosema nigeuze mzunguko: Franschhoek kwanza, kisha barabara ya R45 kupanda mlima hadi karibu na Villiersdorp, R43 hadi Bot River, Kleinmond, halafu R44 kurudi Gordon's Bay. Kule wanaendesha kushoto kama kwetu, kwa hiyo ukielekea kaskazini bahari iko upande wako na unaingia maegesho ya kutazamia bila kukatiza barabara. Pengwini wa Betty's Bay wako njiani.

Kilichofeli ni Chapman's Peak, barabara ya pwani inayopita kwenye mlima, siku ya pili. Nilifika Noordhoek nikakuta geti limefungwa; mawe huporomoka. Angalieni hali yake kabla ya kutoka. Nilipitia barabara nyingine ya mlimani, Ou Kaapse Weg, inapitika vizuri ila bahari huioni kama kule.

Mvinyo: kiwango cha pombe kwa dereva lazima kiwe chini ya gramu 0.05 kwa mililita 100 za damu. Nilionja na kutema, chupa zikaingia kwenye buti la gari.