Rafti Sagana, kayaki, ama tujikaze mpaka Jinja? Watu wa Mombasa tuongee

MtotoWaKisauni
Salaam wana barza. Sisi ni sita, wanaume wanne na dada wawili, wengi wa huku Kisauni na mmoja wa Likoni ng'ambo. Bahari tumeizoea, kayaki twapiga kule Tudor kriki karibu kila Jumapili na mimi mwenyewe nimekulia kwenye ngalawa ya babu. Sasa mwezi wa nane tuna siku nne tu na twataka kuonja maji ya mto, yale meupe yanayoruka juu ya mawe, kipande kifupi chatosha hatutaki kushinda majini siku nzima. Tumekwama hapa: wako wanaotaka rafti, lile boti la raba la watu saba na nahodha wake, wako wanaotaka kila mtu kayaki yake, na yuko mmoja (anajijua) asema kama si Jinja kule Uganda basi hamjafanya kitu. Bajeti si kubwa. Nani kashaenda atupe ukweli?

BwanaBamvua
Yakhe, mimi Sagana, kule bara mto Tana, nshaenda mara mbili, mara ya kwanza rafti, ya pili kayaki, na n'lienda na kiburi hicho hicho cha "mimi mtoto wa bahari", kwa hivyo nisikizeni vizuri. Baharini wimbi latembea na maji yabaki pale pale, tupa kifuu utakiona chapanda chashuka tu. Mtoni ni kinyume, wimbi limesimama juu ya jiwe lake asubuhi mpaka jioni na maji ndiyo yapita. Mkono wako umefundishwa kungoja wimbi likupite, sasa kule ukingoja hakuna kinachokupita, ni wewe unayepelekwa. Kitu cha pili, huku ukichoka wangoja maji yapwe au yajae, kule hakuna kupwa, mto hauna maji mafu. Kitu cha tatu ambacho hakuna aliyeniambia, yale maji meupe ni nusu hewa, wapiga kafi halishiki kitu, kama unakoroga povu la sabuni.

Kayaki yangu ilipinduka gredi ya 3 ya ukali wa maji, wala si kubwa. Nikatoka ndani vizuri tu halafu nikafanya kile ninachofanya Tudor: nikataka kusimama, maana maji yalikuwa ya kiunoni. Mguu wa kushoto ukaingia katikati ya mawe mawili, mto ukanisukuma mgongoni na uso ukaanza kwenda chini taratibu, kama mtu anasujudishwa kwa nguvu. Kilichonitoa ni ndara, wallahi, ilikuwa imelegea mguu ukachomoka ndara ikabaki. Jamaa aliyesimama ukingoni na mfuko wa kamba akanitupia, nikalala chali nikavutwa. Maji ya kiunoni hayo!

Kwa hivyo jibu langu: rafti kwanza. Kayaki baadaye.

MtotoWaKisauni
Ndara iliokoa maisha 😂 lakini pole sana. Sasa tuvae ndara au tusivae?

BwanaBamvua
Usivae! Mimi n'libahatika. Vaa raba za zamani za kufunga kamba, au akala yenye mkanda wa nyuma. Na ukianguka usisimame kwenye maji yanayokimbia hata yakiwa ya magotini, lala chali, miguu mbele kule maji yanakoelekea, vidole juu uvione. Mpaka ufike penye maji yaliyotulia ndipo usimame.

KafiLaMvule
Kwani lazima Sagana? Mto Galana uko hapa jirani, pale Lugard Falls mto umebanwa kwenye miamba maji yachemka. Si tuchukue kayaki zetu tu?

mamaZu
@KafiLaMvule ndani ya Tsavo Mashariki, na hapo chini kidogo paitwa Crocodile Point, yaani mamba. Jina halikutolewa kwa mapambo.

KafiLaMvule
Haya nimenyamaza.

wa_Karatina
Mimi wa huku bara lakini nimefanya kazi Mombasa miaka sita kwa hivyo nawaelewa watu wa pwani 😄. Wacha niwaeleze hiyo Tana ilivyo. Mto unatoka Aberdare na Mlima Kenya, huku Sagana bado ni mwembamba na una mawe mengi, sio ile Tana pana mnayoiona Garsen. Kipande cha mwanzo ni gredi 2 na 3, hapo ndio mtu mgeni anajifunzia, kisha mto unatulia mnaelea tu mkiangalia ndege, halafu kipande cha mwisho ndio gredi 4 hadi 5 na hapo hakuna mchezo. Gredi zinaenda mpaka 6, na 6 usiifikirie. Kwa vile mnataka kipande kifupi, ombeni kile cha juu tu, mtarudia mara mbili mkipenda.

Mwezi wa nane ni kipupwe, mvua ya masika imeisha ile ya vuli bado, maji yanapungua. Watu wanafikiri maji kidogo ni salama zaidi, sio hivyo kabisa, mawimbi ni madogo ndio lakini mawe yanatokeza, rafti inakwama na mtu wa kayaki anagonga magoti. Na baridi jameni! Agosti huku ni mawingu na baridi, nyinyi wa Mombasa mtalia. Ulizeni kama wana suti za kuogelea za raba kabla hamjalipa.

Kusoma maji ni hivi, ukiona maji laini meusi yamechora V na ncha inaangalia chini ya mto, hapo ndipo njia. Ukiona V ncha inakuangalia wewe, hapo pana jiwe limejificha. Na nyuma ya kila jiwe kubwa maji yanarudi juu, hapo ndipo kayaki inapumzikia, lakini kuingia na kutoka ndipo wengi wanapopindukia kwa sababu mkondo unashika upande mmoja wa boti. Egemea kule unakoenda, usiogope ukaegemea nyuma.

JinjaAuBasi
Mimi ndiye yule "anajijua". Sikizeni, sibishi Sagana ni karibu. Lakini Nile pale Jinja maji ni mengi, ni ya kina, na ni vuguvugu maana yatoka Ziwa Victoria. Ukianguka huoni jiwe, wazunguka tu kama nguo kwenye mashine halafu watemwa kwenye dimbwi kubwa limetulia na vijana wa kayaki wakungoja. Mimi n'liangushwa mara tatu siku moja na sikupata hata mchubuko. Sagana huwezi kusema hivyo. Tena kwa Mkenya mpakani ni kitambulisho tu, huhitaji paspoti.

BwanaBamvua
Ukweli huo nakupa, kuanguka Jinja ni kuzuri kuliko kuanguka Sagana 😂. Lakini Jinja uliyoenda wewe ni ya lini? Maporomoko ya Bujagali yalimezwa na bwawa la umeme mwisho wa 2011, halafu bwawa la Isimba likaja 2019 likameza tena huko chini. Rafti bado ipo na gredi 5 bado ipo, lakini mto mliohadithiwa na kaka zenu si ule.

JinjaAuBasi
N'lienda 2017. Sawa.

mamaZu
Mimi nauliza hesabu. Siku nne. Mombasa Nairobi usiku mzima kwa basi, Nairobi Jinja usiku mwingine na foleni ya mpakani Busia ndani, mwafika mmevimba miguu mwapanda rafti saa tatu, kesho yake mwaanza kurudi. Hiyo si holidei ni adhabu. Sagana mwachukua treni ya SGR Miritini, ekonomi 1500, mwashuka Syokimau, mwaingia mjini Nairobi mwachukua matatu za Karatina au Nyeri zapitia Thika na Kenol. Mwalala, asubuhi mwingie majini, na samaki wa kukaanga wa Sagana mwala siku hiyo hiyo. Na Jinja mukienda msisahau kichocho, maji ya ziwa hayo, ukirudi baada ya wiki kadhaa umuone daktari kuhusu dawa ya praziquantel, usisubiri mpaka uone damu kwenye choo kubwa.

wa_Karatina
Hata huku mto ni maji baridi yasiyo na chumvi, kichocho usikidharau popote.

DadaNg'ambo
Samahani, mimi ni mmoja wa wale dada wawili. Hakuna aliyesema kitu kuhusu mavazi. Navaa hijabu, huku Tudor navaa ile suti yangu ya kuogelea yenye kofia na hakuna shida. Helmeti itakaa?

mamaZu
Itakaa mwanangu, mimi n'livaa. Vaa ile ya kubana ya kuogelea isiyo na tabaka nyingi, usifunge mtandio juu, na PINI HAPANA hata moja, helmeti ikigongwa pini yaingia kichwani. Kisha jaribu helmeti na hijabu ukiwa nchi kavu, tikisa kichwa kama umekataa mahari, ikizunguka omba namba ndogo. Na laifjaketi mkanda wa ubavuni waukaza mpaka mwenzio akikushika mabegani akivuta juu isikupite masikioni. Kuna mahali, sitapataja, n'lipewa jaketi buckle imekatika wakafunga kwa kamba ya katani! N'lirudisha nikangoja boti la pili, wenzangu walinicheka, wacha wacheke.

DadaNg'ambo
Shukran mama 🙏 basi mimi kura yangu rafti.

MtotoWaKisauni
Na wale wa kayaki nawaambia nini? Wawili wamenuna kweli.

wa_Karatina
Kuna njia ya katikati. Waulize kama wana kayaki za upepo, zile za kujaza kwa pampu za mtu mmoja au wawili. Ni pana, unakaa juu hufungiwi ndani, ukipinduka unaanguka tu hutundikwi kichwa chini. Siku ya kwanza wote rafti msikie mto unavyovuta, siku ya pili wale walionuna wachukue hizo kwenye gredi 2 tu na mtu wa kamba awe amesimama chini. Kayaki ngumu ya kufungiwa kiunoni mtu aingie akishajua kujiinua kayaki ikipinduka bila kutoka, na hiyo haifunzwi kwenye mawe.

BwanaBamvua
Kujiinua tutawafunza sisi hapa. Maji mafu, si bamvua, njooni Mtwapa kriki asubuhi kabla upepo wa kusi haujaamka. Mtu akiweza kujiinua mara kumi bila kumeza chumvi mwakani namruhusu.

MtotoWaKisauni
Basi tumeamua. Sagana, rafti siku ya kwanza kipande cha juu, siku ya pili walionuna wapate kayaki za upepo. Jinja tutaenda tukipata wiki mbili, @JinjaAuBasi usitoke grupu. Jumapili tukutane Mtwapa saa moja unusu, @BwanaBamvua leta ile kayaki nyekundu. Raba za zamani nani ana namba 9 ya kuazima?

KafiLaMvule
Nnazo mimi. Hazina kamba lakini.