Gemu za mkononi: tuwapokonye watoto, au tukae nao tuzitazame?

Assalamu alaykum ndugu zangu. Naleta mada, naomba tuijadili kwa hoja.

Wiki iliyopita kikao cha wazazi wa chuo cha Kurani anachosoma mtoto wa dada yangu, huku mtaa wa Ng'ambo, Unguja, kilipendekeza kuwa mtoto yeyote atakayeonekana na mashine ya gemu apokonywe na isirejeshwe tena. Sababu zilikuwa tatu: gemu zinafundisha kamari, zina viumbe vya kishetani, na zinakula muda wa masomo. Nilinyoosha mkono, muda ukaisha. Niliyotaka kuyasema kule nayasema hapa: napinga.

Gemu lililozusha yote haya ni Pokémon Red. Mzizi wake ni Japani, Februari 1996, na toleo la Kiingereza lilifuata 1998. Mtoto anashika nafasi ya kijana anayetoka kwao kwa miguu, anakamata viumbe, anawalea, anapambana na waalimu wanane wa miji mbalimbali mpaka afike kwa mabingwa. Nimemnunulia mimi mjomba wake, mashine na kaseti yake, vyote vya mitumba, Mlandege. Kwa hiyo lawama ni zangu.

Nianze na kamari, maana ndiyo hoja nzito. Ni kweli ipo. Katika mji wa Celadon kuna ukumbi wa mashine za kamari, unatia sarafu za mle mle ndani ya gemu, ukibahatika unapata zawadi. Mwaka 2001, fatwa ilipotolewa Saudi Arabia dhidi ya Pokémon, kamari ilikuwa miongoni mwa sababu, na hoja hiyo siidharau hata kidogo. Ila ukumbi ule katika hadithi ni wa genge la wezi. Ukutani pana bango, nyuma yake pana kitufe, ukikibonyeza ngazi zinafunguka kwenda kwenye maficho yao, na kazi ya mtoto ni kushuka kuwafurusha. Kuingia inakulazimu, kutia sarafu haikulazimu. Tulipofika hapo nilikuwa nimekaa pembeni yake. Nikamwambia, "Hizi ndizo mashine zinazomfilisi mtu, sisi tunapita." Akapita. Angekuwa anacheza kwa kujificha, nani angemwambia?

La ushetani silikubali kabisa. Aliyeubuni mchezo huu, Satoshi Tajiri, utotoni mwake alikuwa mtu wa kukamata wadudu. Mashamba ya kwao yakajengwa majumba, wadudu wakapotea, naye akataka watoto wa mjini waionje raha ile. Ndiyo maana mle ndani kuna buu anayejifunga kifukofuko kisha akatoka kipepeo. Sisi tuliokulia Bububu tulikamata kerengende tukawafunga uzi mguuni. Hakuna aliyetuambia tunaabudu jini.

Sasa uzuri wake ambao kikaoni hakuna aliyeutaja. Viumbe wa kukusanya ni 151, lakini hakuna kaseti moja yenye wote. Kaseti nyekundu, yaani hii Red, inakosa waliomo kwenye pacha wake, ya buluu, na wapo wanne ambao hawafikii umbo lao la mwisho mpaka uwapitishe kwenye waya, waende mashine ya mwenzako. Mtoto aliye peke yake hamalizi. Wangu alikuwa hasemezani na mtoto mmoja wa Kikwajuni kwa ugomvi wa mpira, na yule ndiye mwenye kaseti ya buluu. Alizunguka siku tatu. Ya nne nikawakuta barazani kwetu, mashine mbili zimeunganishwa, waya wenyewe mfupi, basi magoti yanagusana. Wanazozana kwa heshima kama wachuuzi wa Darajani: "Nikupe huyu, unipe yule, lakini umrudishe akishageuka."

Na daftari lake. Aina za viumbe ni 15, karibu kila moja ina inayoishinda na inayoshindwa nayo, na gemu halikupi jedwali. Kalichora mwenyewe kwa rula: Maji humshinda Moto, Moto humshinda Majani, Majani humshinda Maji, hadi chini ya ukurasa. Pengine kafuta mpaka karatasi imetoboka.

Ubovu wake nao niuseme, maana nikiuficha nitakuwa nimewadanganya. Kuuza mchezo mmoja vipande viwili ili watoto wawili wanunue, hiyo ni biashara, hata kama imezaa urafiki. Mizani yake haikukaa sawa: viumbe wa nguvu za akili karibu hawashindiki, na mhusika mmoja mle ndani anakwambia wanaogopa mizimu na wadudu, kumbe kwa kosa la programu pigo la mzimu haliwagusi. Mtoto alilijaribu mara nyingi akiamini kakosea yeye, na hilo liliniuma. Kosa hilo lilisahihishwa katika matoleo ya 1999, Gold na Silver. Katikati ya safari kuna kupigana na viumbe wale wale saa nzima kupandisha levo tu. Hapo wanaosema muda unapotea wako sawa. Na kaseti inahifadhi safari moja tu. Mdogo wake alianza upya, akahifadhi, kazi ya mwezi mzima ya kaka yake ikafutika. Nyumba haikulalika usiku ule.

Kubwa kuliko yote, hakuna neno la Kiswahili mle.

Ninachokiogopa mimi ni gemu za bure kwenye simu, zinazomwambia mtoto aongeze pesa ndipo aendelee, zisizokuwa na mwisho. Kikao kilizitia zote kapu moja. Karibuni.

Mama wa Mwanakwerekwe: Waalaykumu salaam kaka yangu. Nimekusoma vizuri, lakini wewe ni mjomba, unakuja jioni na kaseti, unaondoka. Anayemwita mtoto mara tano aende dukani na asisikie ni mimi. Unasema ulikaa pembeni yake. Mimi natoka kazini magharibi, nina sufuria jikoni na mtoto mchanga, nikae saa ngapi kumtazama anapitaje ukumbi wa kamari? Kanuni ya kupokonya kwangu ni msaada. Na kama ni kufikiri, bao lipo: mashimo 32, kete 64, wazee wapo barazani, mtoto anahesabu na anajifunza kuamkia wakubwa. Halina betri, wala halina Kiingereza.

Kijana wa Mkunazini: Dada, kuhusu muda nina neno. Unguja ilipokosa umeme tokea Disemba 2009 hadi Machi 2010, mimi nilikuwa skuli na mashine kama hiyo, ya mawe mawili ya tochi. Kioo chake hakina taa. Unakaa barazani kwenye mwanga, jua likishuka herufi hazisomeki, adhana ya magharibi ikikukuta umeshaizima. Mawe yakiisha unasubiri mpaka upate pesa ya mengine. Kipimo kilikuwa ndani ya chombo chenyewe. Simu haina kipimo hicho, inawaka chini ya shuka hadi saa nane za usiku. Mjomba yuko sawa kuzitenganisha.

Msomaji wa Wete: Huku Pemba mimi nilijifunza Kiingereza kwa gemu hilo hilo na kamusi ya baba, neno kwa neno. Lakini nisiseme uongo, darasani kwetu wenye kuweza hivyo walikuwa wachache. Waliobaki walibonyeza tu mpaka maneno yakapita, hadithi hawakuijua. Ukimpa mtoto asiyesoma lugha ile, faida nusu imeshakwenda.

Mwanzisha mada: Dada wa Mwanakwerekwe, umenishika. Ni kweli mimi si wa kumwita dukani, na dada yangu mwenyewe aliniambia maneno kama yako, kwa ukali zaidi. Nalirekebisha pendekezo langu: mashine isikae kwa mtoto. Ikae kwa aliyeileta. Kama ni mjomba, basi kwa mjomba, mtoto aje Alkhamisi na Ijumaa, wacheze wakiwa wawili au watatu, mkubwa akiwapo. Asiyeweza kukaa nao asinunue, na mimi ndio wa kwanza kufungwa na sharti hilo.

Bao silishindanishi. Mtoto yule yule aliyechora lile jedwali sasa anakaa na babu yake, na juzi kamuuliza kwa nini nyumba, lile shimo kuu la bao, isichezwe mapema. Babu kafurahi hata chai ikapoa.

Ndugu wa Wete, hilo lako sina jibu lake. Nimeanza kuandika naye majina ya mapigo kwa Kiswahili kwenye daftari, tumefika arubaini na kitu. Tukimaliza nitatoa nakala kwa anayetaka.

Kikao kijacho nakwenda na mashine zote mbili na waya wake. Nitawaomba Maalim na wazazi wawili watatu wakae robo saa na watoto kabla ya kupiga kura, na nitawafikisha mpaka mlangoni mwa ukumbi ule wa Celadon, waone wenyewe.