Ati kompyuta yangu "ilizaliwa bubu"! Yule fundi wetu wa Kadutu amevuka mpaka

Mwimbaji_wa_Besi (mwanzisha uzi):

Jambo kwenu nyote. Naandika nikiwa bado na hasira, kwa hiyo anayetaka upole asubiri kesho. Jina la mtu huyu sitalitaja, wala hakuna haja ya kulitaja, kwa maana kila mwenye kompyuta hapa Bukavu, kuanzia Nyawera hadi Essence, ameshapita kwenye meza yake, na kila aliyepita ameondoka na Windows, awe aliiomba au hakuiomba.

Leo mchana nilimpelekea kompyuta yangu ya mkononi yenye Debian 11, mojawapo ya mifumo ya Linux inayotumika badala ya Windows. Kompyuta inawaka vizuri, intaneti inaingia, skrini haina doa hata moja. Kilichokosekana ni sauti tu. Kwenye mipangilio, mahali panapopaswa kuandikwa jina la spika, palikuwa pameandikwa "Sortie factice" (kwa Kifaransa, njia bandia ya sauti), maneno ambayo mfumo huyaweka pale usipopata kadi yoyote ya sauti ya kutumia. Mtu anayejiita fundi, akiyaona maneno hayo, anajua papo hapo pa kuanzia.

Je, aliyasoma? Hakuyasoma. Aliinamisha sikio juu ya kibodi kama daktari anayesikiliza kifua cha mtoto mwenye kikohozi, akagonga upande wa kushoto kwa ukucha, akagonga wa kulia, akatikisa kichwa kwa huzuni kubwa, kisha akapaza sauti hadi mama wauza sambaza wakaacha kupima samaki na kugeuka: "Papa, pole sana. Mashine hii ilizaliwa bubu."

Bubu! Mbele ya mama wauza sambaza, mbele ya vijana wauza mega za intaneti, na mbele ya mwenzangu wa kwaya ambaye alikuja kunisindikiza tu, na ambaye sasa ameshasambaza habari hiyo kwa soprano wote. Watu walicheka kicheko kilichovuka mto Ruzizi bila kuonyesha hati yoyote mpakani, na sina shaka kwamba huko Kamembe, upande wa Rwanda, wapo ambao hadi sasa hawajamaliza kucheka.

Nilipomuuliza kwa adabu kama ameangalia ujumbe wa kerneli, yaani kiini cha Linux, alinijibu kwamba Linux ni ya serveri na kwamba serveri haziimbi. Akatoa flashi ya Windows kwenye mfuko wa shati, mahali ambapo wenzake huweka kalamu, akaishika tayari, akasubiri nikubali kufutiwa kila kitu. Nilipokataa, alinidai franka 5000 za kuangalia. Kuangalia nini? Alisikiliza! Hakuangalia!

Jioni hii nimeketi nyumbani, nikafungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri, na kuandika `sudo dmesg | grep sof`. Jibu lilikuwa pale, kwa herufi nyekundu: faili liitwalo `intel/sof/sof-tgl.ri` limeombwa na halikupatikana, kosa namba -2, ambalo katika Linux maana yake ni moja tu, yaani faili halipo. Kadi ipo. Draiva, yaani programu ya kuiendesha kadi, ipo na imeitambua, kwani `lspci -k` inaionyesha ikiwa kazini. Kilichokosekana ni fimwea, ile programu ndogo ambayo draiva huipakia ndani ya kichakata sauti cha Intel kila kompyuta inapowaka, na ambayo bila hiyo kichakata hicho hakifanyi lolote. Kompyuta nyingi za Intel za miaka hii ziko hivyo. Zamani kerneli ilizungumza moja kwa moja na kadi kwa draiva ya `snd_hda_intel` na mambo yakaisha. Siku hizi katikati kuna kichakata kinachodai faili lake kwanza.

Nikaongeza neno `non-free`, yaani programu zisizo huru, kwenye faili linaloorodhesha vyanzo ambako Debian huchukua programu, nikanunua mega, nikasakinisha kifurushi cha `firmware-sof-signed`, nikazima, nikawasha. "Sortie factice" ikatoweka. Nikaandika `speaker-test -t wav -c 2`, na sauti ya binadamu ikatoka upande wa kushoto ikitaja kushoto, ikatoka upande wa kulia ikitaja kulia. Huyo ndiye bubu wa kuzaliwa! Bubu anayejua kushoto na kulia, jambo ambalo fundi wetu, kwa jinsi alivyokuwa akigonga, sina uhakika nalo.

Kurekebisha si kitu. Ningeweza kusamehe kutojua. Lakini kwa nini "ilizaliwa"? Angesema imeugua, ningenyamaza. Angesema imepoteza sauti, ningelipa hata franka zake kwa moyo mweupe. Ila kusema mbele ya watu kwamba ilizaliwa bubu, kwa sauti ya mtu anayetoa rambirambi, na wale mama wanaitikia "pole, Papa, pole" huku mabega yakitikisika! Siombi ushauri. Naomba mnisaidie kukasirika.

Binti_wa_Nguba:

Pole sana, Papa, ingawa mimi ningekuwa muuza sambaza siku hiyo ningecheka pia. Mtu huyohuyo aliniambia mimi kwamba unyevu wa ziwa umeua spika zangu, akaniuzia kijikadi cha sauti cha USB kwa dola 10. Nimekitumia kwa muda mrefu nikimshukuru. Siku moja mdogo wangu akafungua `alsamixer`, programu ya kurekebisha sauti, akabonyeza F6 ili achague kadi halisi, tukaona chini ya safu ya "Master" herufi MM, alama ya sauti iliyozimwa. Alibonyeza M mara moja, MM ikageuka 00, na spika zilizouawa na unyevu zikafufuka kwa nguvu hadi paka akaruka dirishani. Ziwa Kivu limesingiziwa.

Mzee_Kerneli:

Ninyi wawili mnashangaza. Unampelekea Linux mtu anayetembea na flashi ya Windows mfukoni, halafu unategemea akupokee kwa nyimbo? Isitoshe, ndugu Mwimbaji, ni nani bado anasakinisha Debian 11 kwenye kompyuta ya namna hiyo? Wenye Debian walipiga kura mwaka 2022 wakakubali fimwea zisizo huru ziingie kwenye diski rasmi ya usakinishaji, na Debian 12 iliyotoka Juni 2023 inazo ndani yake. Ungechukua hiyo, usingesikia hata neno moja la bubu.

Tena hapakuwa na haja ya kununua mega. Katika `/etc/modprobe.d` ungeweka mstari mmoja tu, `options snd-intel-dspcfg dsp_driver=1`, ukaiwasha upya, na kerneli ingekiruka kichakata kile na kurudi kwenye draiva ya zamani.

Mwimbaji_wa_Besi:

Mzee, kwa heshima zote, sikuuliza umri wa Debian yangu. Debian 11 ndiyo iliyokuwa kwenye flashi niliyopewa, na hapa mtu hapakui gigabaiti kadhaa kwa mega za simu kwa sababu tu toleo jipya limetoka. Ninachouliza ni kama Debian 11 inampa mtu ruhusa ya kusema "ilizaliwa bubu" mbele ya kadamnasi.

Tenor_Pembeni:

Mimi ndiye mwenzake wa kwaya aliyetajwa. Kwa ajili ya ukweli, mama mmoja hakucheka. Alikuwa anahesabu chenji.

Mratibu_Panzi:

Tafadhali msiufuate huo mstari wa Mzee Kerneli kwa macho yaliyofumbwa! Niliuweka kwenye kompyuta yangu ya kazi. Spika zikasikika, nikafurahi, nikampongeza kila mtu. Asubuhi yake nikaingia kwenye mkutano wa mtandaoni na ofisi yetu ya Kinshasa, nikasoma ripoti yote ya miezi mitatu kwa ufasaha ambao sijawahi kuufikia, na nilipomaliza wakaniandikia: "Bwana Mratibu, hatusikii kitu tangu mwanzo." Kwenye kompyuta nyingi za aina hiyo, maikrofoni ya ndani ni ya kidijitali na imeunganishwa kwenye kile kichakata mnachokiruka. Ukikiruka, spika zinabaki na maikrofoni inatoweka. Mwimbaji alipata aibu mbele ya mama wauza sambaza. Mimi niliipata mbele ya wanaosaini mshahara wangu. Naona malalamiko yangu ni mazito zaidi.

Mzee_Kerneli:

Nilisema mstari huo unarudisha sauti. Sikusema unarudisha maikrofoni. Watu wasome.

Chumba_cha_Ibanda:

Ninyi mna bahati, kwa kuwa sauti yenu haikuwepo kabisa, mkajua moja. Yangu ipo lakini inakwenda isikotakiwa. Kila ninapounganisha televisheni kwa waya wa HDMI, mfumo unaihesabu televisheni hiyo kuwa kadi nyingine ya sauti, na baada ya kuchomoa waya programu zinaendelea kucheza kwenye televisheni ambayo haipo tena. Niko chumbani, filamu inakwenda, midomo inafunguka, kimya. Nimefundishwa kufungua `pavucontrol`, programu ya kuchagua sauti iende wapi, kuingia kwenye kichupo cha mipangilio na kuifunga kabisa ile ya HDMI, na kweli inafanya kazi, ila siku ninapoihitaji tena nimeshasahau kwamba niliifunga, na hapo familia nzima imeshaketi ikisubiri.

Mwimbaji_wa_Besi:

Ndugu wa Ibanda, je, televisheni hiyo iliwahi kuitwa bubu wa kuzaliwa?

Chumba_cha_Ibanda:

Hapana. Mke wangu ananiita mimi.

Kijana_wa_Bagira:

Hayo yote ni madogo. Nani hapa anatumia vifaa vya masikioni vya Bluetooth? Muziki unapita safi, pande zote mbili, besi iko pale. Mtu akinipigia simu kwenye kompyuta, maikrofoni inafunguka, na papo hapo sauti inageuka kuwa ya redio iliyozamishwa ndani ya ndoo. Nimesoma sababu yake: muziki hupita kwa njia ya A2DP, ambayo inaleta sauti ya stereo lakini hairudishi maikrofoni, na simu inalazimisha njia ya HFP, ambayo inarudisha maikrofoni lakini sauti yake ni ya upande mmoja, kwa hezi 8000 au 16000 tu. Sababu nimeielewa. Hasira imebaki palepale.

Mzee_Kerneli:

Mngeishi enzi za OSS, mfumo wa zamani wa sauti wa Linux, mngesemaje? Kwenye kadi nyingi, programu moja ikishika `/dev/dsp`, nyingine zote zilingoja hadi imalize. Ukisikiliza wimbo, huwezi kusikia kengele ya ujumbe. ALSA, mrithi wake, ikaingia rasmi na kerneli 2.6 mwishoni mwa mwaka 2003, watu wakalalamika. Mwaka 2008 Ubuntu 8.04, Linux nyingine, ikaleta PulseAudio, programu ya kuchanganya na kuelekeza sauti za programu zote, wakalalamika hadi wakapoteza sauti zao wenyewe. Mwaka 2021 Fedora 34, Linux nyingine tena, ikaleta PipeWire ichukue nafasi yake, na sasa mnalalamikia ndoo. Kizazi hiki hakiridhiki.

Binti_wa_Nguba:

Mzee, mwaka 2008 ulilalamika au hukulalamika?

Mzee_Kerneli:

Nililalamika kwa sababu za msingi.

Kijana_wa_Bagira:

Kwa hiyo kuhama PulseAudio kwenda PipeWire kutaniondolea ndoo?

Mratibu_Panzi:

Hakutaiondoa. PipeWire inakubadilishia njia yenyewe simu inapoingia na inakurudisha kwenye muziki simu inapokatika, lakini wakati wa simu HFP ni HFP. Tumia maikrofoni ya kompyuta yenyewe na uviache vifaa vya masikioni kwenye A2DP. Bila shaka hilo linawezekana kwa mtu ambaye maikrofoni yake haikufutwa na mstari wa Mzee Kerneli.

Mzee_Kerneli:

Uondoe huo mstari, usakinishe `firmware-sof-signed` kama alivyofanya Mwimbaji, na maikrofoni itarudi. Sijui mnachoning'ang'anizia.

Mwimbaji_wa_Besi:

Nashukuru kutajwa, hatimaye. Naomba sasa turudi kwenye lile neno alilolisema, maana nikifumba macho bado nakiona kile kichwa kikitikisika.

Chumba_cha_Ibanda:

Tutarudi, Papa. Kwanza Binti wa Nguba anijibu: kile kijikadi cha USB unacho bado? Na kinadai draiva?

Binti_wa_Nguba:

Ninacho, kimelala kwenye droo. Hakidai chochote. Vingi vya aina hiyo vinafuata kanuni moja ya sauti za USB, na kerneli tayari ina `snd-usb-audio` ya kuvihudumia. Unachomeka, unakichagua kwenye mipangilio, basi.

Kijana_wa_Bagira:

Na kina tundu la maikrofoni?

Binti_wa_Nguba:

Matundu mawili, moja la kusikilizia, moja la maikrofoni. Nakiuza dola 6.

Mratibu_Panzi:

Nimewahi mimi. Dola 5, na ninakufuata Nguba kesho kabla ya mkutano.

Chumba_cha_Ibanda:

Niliuliza mimi kwanza!