Laptopu imegoma kuwaka, nataka mafaili tu: naomba ushauri

Habari zenu wakuu. Juzi usiku umeme ulikatika na kurudi mara tatu laptopu ikiwa kwenye chaja. Tangu hapo nikiiwasha feni inazunguka, nembo inatokea, kisha skrini ya bluu, inajizima. Mle ndani kuna tasnifu ya mke wangu, sura nne nzima, na picha za mazishi ya baba. Bakapu? Msinicheke, ilikuwa kwenye flashi niliyoipoteza ndani ya daladala.

Fundi wa kwanza hata hakuuliza kuna nini ndani. "Tupige Windows upya, elfu ishirini." Nikaibeba nikaondoka, maana ninavyojua kuandika vitu vipya juu ya diski ndiko kunakoyafukia mafaili kabisa.

Nafikiria kuiwasha kwa flashi yenye Ubuntu (mfumo endeshi mwingine badala ya Windows), ile ya kujaribu bila kuisakinisha, ninakili mafaili kwenda diski ya nje. Au niichomoe diski (ni ile ya kuzunguka, inchi 2.5, GB 500), niiweke kwenye kasha la USB na kuichomeka kwenye kompyuta nyingine. Ila jana niliisikia ikigonga, tk-tk-tk, nikazima hapo hapo. Kwa mlio huo nijaribu mwenyewe, au kila nikiwasha ndiyo naimalizia? Na BitLocker (ile ya Windows inayofunga diski kwa usimbaji) ikidai ule ufunguo wa tarakimu 48, mbali na akaunti ya Microsoft niutafute wapi?

Anayemjua fundi wa data mwaminifu hapa Dar anidokeze inboksi. Mke bado hajaambiwa.