Mada: Baba halali, homu wanataka 1:1 ya usiku

Mama Neema, Midlands, Uingereza
Shikamooni wakubwa, wengine habari za siku. Baba ana wiki ya tatu kwenye nyumba ya wazee. Mnaomjua mzee wetu wa Machame mnajua hakuwahi kukaa kitako. Saa kumi alfajiri yuko koridoni, viatu mkononi, anajaribu mlango mmoja mmoja. Jana meneja kanipigia: anataka 1:1 (mhudumu wa Baba peke yake) usiku kucha, kaunsili wamekataa kulipa, kwa hiyo nina siku 28 za kumhamisha. Sosho woka anasema niombe CHC, yaani NHS (huduma ya afya ya serikali) imlipie matunzo, wa CHC wananirudisha kwa sosho woka. Swali langu ni moja tu: kuna aliyepita cheklisti ya CHC kwa sababu ya kutembea usiku? Kama hakuna, 1:1 analipa nani? Mkutano ni Alhamisi.

Baba Glory, Reading
Pole sana dada. DoLS, kile kibali cha kumzuia asitoke, wameomba? Ile ya haraka inakwisha siku 7, zikipita wanamfungia kinyume cha sheria. Mwambie meneja hivyo uone atakavyonywea. Mama mkwe wangu naye alianza kutoka usiku wa pili tu. Tukampa melatonini, akalala kama mtoto.

Nesi wa Usiku
Baba Glory, usipotoshe watu. Siku 7 zinaweza kuongezwa 7 nyingine, na ile ya kawaida kaunsili nyingi zina foleni ya miezi. Na NICE, wale wa miongozo ya matibabu, walishasema tangu 2018, mgonjwa wa Alzheimer asipewe melatonini kwa ajili ya usingizi. Mama mkwe wako alizoea mahali, basi.

Mama Neema, wageni wengi hutembea wiki za mwanzo. Hajui choo kiko wapi, hajui kitanda ni cha nani. Mimi kabla ya kuandika "wandering" (kuzurura) kwenye kitabu naangalia mkojo (UTI inamvuruga mzee kwa siku moja), tumbo kufunga, maumivu, njaa. Halafu nauliza kalazwa saa ngapi. Ukimlaza saa kumi na mbili jioni kwa kuwa zamu ya mchana wanataka kwenda kwao, alfajiri ile ameshalala saa kumi nzima. Unataka alale mpaka lini? Mchana atolewe nje apate mwanga, sinzia ya kwenye kiti ipunguzwe. Wakikutajia dawa ya kumtuliza, uliza kuhusu kuanguka na kiharusi kabla hujakubali chochote.

Na Baba alikuwa anafanya nini saa kumi alfajiri, enzi zake?

Mama Neema
Nesi, umenikalisha chini. Zamu ya maji! Tukiwa wadogo zamu yetu ya mfereji ilikuwa alfajiri. Baba anatoka na jembe na taa ya chemli kwenda kufungulia, maana ukichelewa jirani wa chini ameshakula maji yako. Na hawa wananiambia "anaongea ovyo". Haongei ovyo, anaongea Kichaga! Na Juni hii kumekucha saa kumi na nusu, pazia lenyewe jepesi, mtu wa shamba atalala vipi?

Baba Glory
Mmenikumbusha ndiva, lile bwawa la maji la kwa babu. Maji ya baridi yale, acheni tu.

Kihamba
Ndiva ni ya Wapare. Sisi mfereji ni mfongo, na bwawa lake nduwa. Tusichanganye.

Baba Glory
Bibi yangu ni wa Same, kwa hiyo naijua ndiva kuliko wewe.

Nimerudi Moshi
Mleteni mzee nyumbani. Mimi nimemrudisha mama mwaka jana. Akitoka getini bodaboda wa kituoni wanamjua, wanamrudisha na salamu juu. Ila nisiwadanganye: dada wa kazi wa kwanza aliondoka baada ya mwezi, hakuwa analala. Na masika mama alikutwa kwenye ukingo wa korongo, kanga imelowa. Sasa geti lina kufuli na funguo nalala nazo. Hapa hakuna wa kuniletea fomu ya DoLS.

Kihamba
Kurudi kwa pasi gani? Aliyechukua ya Uingereza akitua KIA ni mgeni kwenye kihamba (shamba la ukoo) alichozaliwa. Uraia pacha tunaimbiwa kila uchaguzi.

Nesi wa Usiku
Siasa fungueni mada yenu. Mama Neema, waambie jina la kijiji, la mke, la ng'ombe kama alikuwa nalo, yote yaingie kwenye "This is me", kile kijitabu cha kumjua mgonjwa. Waandikie na maneno kumi ya Kichaga ukutani: choo, maji, njoo, kaa. Na jaza Herbert Protocol (fomu ya polisi ya mtu anayeweza kupotea) leo, picha ya karibuni, usingoje apotee.

Mama Neema
Nimejaza. Jana keya wa usiku, binti wa Kerala, alimpa keni ya kumwagilia wakazunguka naye maua ya bustani ya ndani saa kumi na moja. Akarudi akanywa chai, akalala hadi saa mbili. Meneja kaandika kwenye ripoti kwamba hilo ndilo ushahidi anahitaji 1:1. Jamani, Alhamisi ni keshokutwa. CHC, kuna aliyepita?

Baba Glory
Kihamba, nimempigia shangazi Same. Anasema mfereji wa kuingizia maji kwenye ndiva nao una jina lake. Namalizia kuuliza.