Kipini cha nywele kinafungua kufuli, au ni mambo ya runinga?

Mtoto wa Langoni
Jana usiku kwenye runinga: jamaa kachomoa kipini kichwani mwa mpenziwe, kakitia kwenye kufuli la mlango, sekunde tatu yuko ndani. Shangazi kanigeukia: "Waona? Na sisi twajifungia bure." Nikamwambia huo ni mchezo tu, tukabishana mpaka kahawa ikapoa. Haya, nyie mwasemaje? Na ile ya kupenyeza kadi ya benki ubavuni mwa mlango? Ndugu zetu wa Malindi wenye uzoefu watusaidie.

Binti Barani
Uzoefu wa nini? Malizia sentensi.

Mtoto wa Langoni
Utani dada. Mji mkubwa una mambo mengi.

Mzee Mkomani
Kabla hamjafika mbali. Kufuli huning'inia. Hicho cha mlangoni chaitwa kitasa. Kitu hata jina lake hukijui, utajuaje kama chafunguka?

Fundi Funguo
Niseme mimi ninayekula kwa kazi hii. Kinafunguka, ila si vile. Ndani ya kitasa cha kawaida mna safu ya pini fupi, kila moja imekatwa vipande viwili na imekandamizwa na springi yake. Ufunguo wenyewe huzinyanyua zote mpaka pale zilipokatwa pakae mstari mmoja, ndipo silinda izunguke. Ni mtindo wa Linus Yale, yule Mmarekani, hataza yake ya 1861. Sasa kipini kimoja kitanyanyua pini, sawa, lakini ukikiondoa inarudi chini. Lazima pawe na chuma cha pili kinachoisukuma silinda polepole muda wote, ili kila pini inayopanda inase hapohapo. Huyo wa kwenye runinga mkono wa pili ameshika bastola. Anakuna tundu tu.

Kadi nayo huweza ule ulimi wa mshazari unaorudishwa na springi, yaani mlango umebanwa tu, haukufungwa. Ukishazungusha ufunguo ulimi wa mraba ukatoka, hata kadi kumi hazisaidii.

Pwani Tulivu
Bastola gani? Ameshika tochi. Hiyo nimeitazama mara mbili.

Fundi Funguo
Tochi basi! Mkono ni uleule.

Pwani Tulivu
Nasahihisha tu. Ukikosea la tochi, hayo ya pini nitakuaminije?

Binti Barani
Mimi bado nasubiri "uzoefu". Malindi tuna vitasa. Lamu mnalindwa na nani, punda?

Mwana Shela
Lamu ya zamani haikuwa na haja ya kufuli. Watu walijuana. Makufuli yamekuja na wageni.

Mzee Mkomani
Uongo mtamu huo. Pita mjini uangalie milango ya kale: mbao mbili, mfaa, ule ubao wa katikati zinapokutana, mnyororo, na tumbuu, pete ya chuma ya kuuvishia. Tumbuu ya nini? Ya kutundikia kofia? Walijuana sana, ndiyo maana wakafunga.

Mwana Shela
Mnyororo ulikuwa wa kuzuia mbuzi wasiingie.

Mzee Mkomani
Mlango wa kuchongwa miezi, mfaa wake maua matupu, yote kwa ajili ya mbuzi. Alhamdulillahi.

Pwani Tulivu
Kujidanganya si kwa Lamu pekee. 1851, kwenye maonyesho makubwa ya London, kulikuwa na kufuli la kampuni ya Chubb wakijitapa halifunguki, akaja Mwingereza mmoja akalifungua kwa wiki mbili.

Fundi Funguo
Umechanganya mawili. Huyo aliyelifungua ni Hobbs, fundi makufuli, naye alikuwa Mmarekani. La Chubb alilimaliza kwa dakika 25. Lililomtoa jasho ni la kampuni nyingine, Bramah, waliloliwekea zawadi ya gini 200, pesa za zamani za Waingereza: saa 51, zikatapakaa katika siku 16. Na hakwenda na kipini, alikwenda na vyombo vyake vya kazi.

Pwani Tulivu
Mmarekani, Mwingereza, si lugha moja?

Binti Barani
Subirini. Dakika 25 ni nyingi kwani? Mwizi ana usiku kucha. Kwa hiyo shangazi alisema kweli.

Fundi Funguo
Dada, mwizi gani akae barazani dakika 25 akisikiliza pini? Anakuja na nondo, anang'oa tumbuu, anaondoka. Milango mingi ninayoitwa kutengeneza kitasa chake ni kizima. Fremu ndiyo imepasuka.

Mwana Shela
Umesikia, Mzee? Tumbuu haifai kitu.

Mzee Mkomani
Nimesikia kuwa ilikuwapo. Asante kwa kukubali.

Mtoto wa Langoni
Mimi naona tunajisumbua. Kwetu chumvi ya bahari imeshamaliza kazi. Kufuli langu la stoo limekaa kusi moja tu, sasa halifunguki hata kwa ufunguo wake. Nimelimiminia mafuta ya taa, wapi! Shangazi kasema nilete kipini.

Mzee Mkomani
Kipini utakitia wapi na tundu limejaa kutu? Lakini angalau leo umesema kufuli ukakusudia kufuli.

Fundi Funguo
Nunua la shaba. Hilo la chuma nitalikata kwa msumeno, lete kesho.

Binti Barani
Na "uzoefu"?

Mtoto wa Langoni
Dada, samahani. Ni mara ya ngapi sasa?

Binti Barani
Ya kwanza. Ile ya juu ulisema utani.

Mwana Shela
Na mbuzi wanajua kufungua mnyororo. Wangu katoka yana.