Naomba ushauri: mwisho wa riwaya, theluji iyeyuke au ibaki?

Kalamu ya Usiku (mleta mada):
Wakuu, habari za muda huu. Naandika riwaya ya Kikristo ya kubuni kwa vijana wa miaka 13 hadi 17. Nchi nzima imefunikwa na theluji, wanyama wanasema, na binti aitwaye Tirza anavuka ziwa lililoganda kumtafuta aliyeileta baridi. Nimekwama sura ya mwisho. Theluji iyeyuke au ibaki? Nikiiyeyusha naona nadanganya, nikiiacha naona nawanyima tumaini. Usingizi sipati. Msinitukane, nishaurini.

Mpiga Zumari:
Siti ya mbele, nimekuja na blanketi.

Msomaji Mkongwe:
Yeyusha. Ila utaambiwa umemuiga C. S. Lewis. Kitabu chake cha watoto cha 1950, The Lion, the Witch and the Wardrobe, kina mchawi aliyefanya iwe baridi daima na Krismasi isifike, halafu simba akikaribia, theluji inaanza kuachia. Tangu hapo mwandishi Mkristo akigusa barafu tu anapimwa kwa kile kitabu. Mimi nilikisoma kwa tochi chini ya shuka. Nilipofika pale simba anafungwa juu ya meza ya mawe nilikifunga, kukifungua tena ni kesho yake jioni. Sijui kwa nini nawaambia haya.

Mtumishi wa Shamba:
Wapendwa, mbona hamuulizi la msingi? Wanyama wanaosema, miujiza ya barafu! Kumbukumbu la Torati 18:10-12 imekataza uchawi waziwazi. Kijana asome Biblia, inamtosha.

Bint Zaburi:
Mtumishi, kwenye hiyohiyo Biblia miti inatafuta mfalme, na mzeituni unakataa cheo. Waamuzi 9. Yothamu aliyeisimulia hakuwa anatangaza taarifa ya habari. Iliyokatazwa ni kufanya uganga, siyo kusimulia hadithi. Mleta mada, kuna kitu umekiruka: baridi kaileta nani? Mchawi?

Kalamu ya Usiku:
Siyo mchawi. Ila hilo sioni kama linahusiana na swali langu.

Bint Zaburi:
Linahusiana kuliko yote. Nani?

Kalamu ya Usiku:
Haya. Kaileta Mtunza Ghala, na ndiye ninayemfananisha na Kristo. Nimemtoa Ayubu 38:22-23, pale Mungu anapomuuliza Ayubu kama amewahi kuingia katika ghala za theluji, zilizowekwa akiba kwa siku ya vita. Majeshi mawili yalikuwa yapigane alfajiri. Usiku akafungua ghala, vita ikashindikana, maelfu wakapona. Lakini mdogo wa Tirza alikuwa njiani usiku ule. Baridi ikamuua.

Na kabla hamjaanza, hapo sibadilishi. Zaburi 147 inasema ni Yeye anayetoa theluji kama sufu, kisha inauliza ni nani awezaye kusimama mbele ya baridi yake. Nimechoshwa na hadithi ambazo kila baridi ni ya shetani.

Mpiga Zumari:
Blanketi halitoshi.

Rubani wa Nchi Kavu:
Theolojia nawaachia wenyewe. Mimi nimesoma ugenini, kwenye theluji, na nina neno kuhusu huyo mtoto. Usimwandike anatetemeka mpaka anakata roho. Mwili ukizidi kupoa, kutetemeka kunakoma. Mtu anachanganyikiwa, maneno yanamkwama kama mlevi, na wengine mwishoni wanahisi joto kali, wanaanza kuvua nguo wenyewe. Waokoaji wanakuta koti liko pembeni. Halafu theluji mpya inameza sauti: asubuhi yangu ya kwanza nilidhani masikio yameziba. Baridi ikikaza, ukivuta hewa unasikia vinyweleo vya pua vinaganda. Nilikuwa navaa suruali tatu, kuna binti nilimpenda akanidhania mnene, kiangazi kilipofika hakunitambua. Hiyo ni mada ya siku nyingine.

Kalamu ya Usiku:
La koti sikulijua. Nalichukua.

Msomaji Mkongwe:
Narudi na wazo la maana safari hii. Hadithi ya Hans Christian Andersen ya 1844, Malkia wa Theluji: binti Gerda anamtafuta rafiki yake Kai. Gerda anasali Baba Yetu kwenye baridi kali, pumzi yake inageuka malaika wadogo wenye mikuki, wanazipiga zile chembe za theluji. Akimfikia Kai, machozi yake yanauyeyusha moyo wa kijana. Wakati huo jumba la barafu bado limesimama vilevile! Kiangazi wanakikuta baadaye, wakifika kwao. Myeyushe Tirza kwanza, hali ya hewa itajijua.

Bint Zaburi:
Nakubaliana. Ila mleta mada, hofu yako ni kubwa kuliko swali. Watakaosoma ni kina nani?

Kalamu ya Usiku:
Nawasomea vijana ninaowafundisha kanisani, sura moja kila wiki. Imebaki ya mwisho. Kuna binti mmoja kati yao alifiwa na mdogo wake. Anakaa karibu na mlango, na hakosi. Juzi aliniuliza kama mdogo wake Tirza ataamka. Sura nimeshaiandika. Haamki. Mtunza Ghala anaketi na Tirza kwenye theluji, analia naye, kama Yohana 11:35.

Mtumishi wa Shamba:
Yohana 11 hiyohiyo Lazaro anatoka kaburini. Ukiishia mstari wa 35 umefundisha nusu.

Kalamu ya Usiku:
Lazaro alifufuka, na hatumwoni akitembea leo. Ufufuo ninaouamini mimi uko mbele. Siuvuti mpaka kwenye riwaya ili watoto walale vizuri.

Mpelelezi Huru:
Hii ni chai, stori ya kutunga. Kajiunga majuzi, uzi wake wa kwanza ndio huu, na kila akibanwa ana aya mkononi. Tulianza na theluji, ghafla mtoto kafa, ghafla kuna binti wa kweli naye kafiwa na mdogo wake vilevile. Subirini, wiki ijayo anatuletea namba ya kununulia kitabu.

Mpiga Zumari:
Kama katunga haya yote, basi riwaya anaiweza. Aendelee.

Bint Zaburi:
Mpelelezi kagusa pabaya bila kujua. Mleta mada, kipi kilitangulia: kifo cha kwenye riwaya, au msiba wa huyo binti?

Kalamu ya Usiku:
Msiba.

Bint Zaburi:
Ulimuuliza kabla ya kuandika?

Kalamu ya Usiku:
Angekataa. Na hakuna mtu aliyekuwa anazungumza naye lile jambo, wote wanamwambia Mungu alimpenda zaidi. Angalau Tirza anaruhusiwa kukasirika. Sura ya sita anamrushia Mtunza Ghala mawe, na yule binti alicheka kwa sauti.

Bint Zaburi:
Sura ya sita nisingeigusa. Lakini hii ya mwisho asiisikie mara ya kwanza mbele ya wenzake. Mpe aisome peke yake. Akisema usisome, usisome.

Kalamu ya Usiku:
Nimeshawatangazia kwamba ni wiki hii.

Bint Zaburi:
Tangaza tena.

Mtumishi wa Shamba:
Hapo niko na dada.

Mpelelezi Huru:
Mimi bado nasema chai. Ila huyo mtoto, koti anavua au havui?